Transfa Mbili kwenye Hilux: Kusoma Dalili Kabla ya Kushusha Boksi

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye kazi imeshafanyika. Hilux ya zamani, ile yenye ekseli nzima mbele, imefungwa transfa ya pili (transfa ni boksi la gia lililo nyuma ya giaboksi, linalogawa nguvu kwenda ekseli ya mbele na ya nyuma), imetoka gereji Unga Limited ya Arusha au Majengo ya Moshi, na sasa kuna jambo haliko sawa. Inatetemeka, inatoa gia yenyewe, inavuja, inalia. Ushauri utakaopewa haraka ni kushusha boksi. Usikubali bado. Katika kazi hii matatizo mengi yako nje ya maboksi: kwenye pembe za propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli), kwenye chuma kinachobeba uzito, kwenye leva inayogusa sakafu, kwenye oili. Na hata likiwa ndani, gari la transfa mbili lina faida ambayo gari la transfa moja halina: unaweza kuyapima maboksi moja dhidi ya jingine ukiwa umekaa kwenye usukani, ukajua lipi lina kasoro kabla ya kushika spana.

Tuelewane kwanza juu ya kilichofungwa. Hilux za tangu 1979 hadi katikati ya miaka ya 1990 zenye transfa ya gia tupu, isiyo na mnyororo, hupunguza mwendo kwa uwiano wa 2.28 ukiingiza L (L ni gia ya chini ya transfa, H ni ya juu, N ni huru). Transfa hiyo inaachana sehemu mbili. Mbele ni boksi la kupunguza mwendo, nyuma ni sehemu inayogawa nguvu kwenda ekseli mbili. Anayefunga ya pili huchukua boksi la kupunguza kutoka transfa nyingine, hulifunga nyuma ya giaboksi, kisha kwa adapta huunganisha transfa nzima nyuma yake. Zipo adapta za kiwandani, kwa mfano za Marlin Crawler ya Fresno, California, na wapo wanaochongesha zao kwa mafundi wa mashine hapa hapa. Ukiingiza L zote mbili, 2.28 mara 2.28 inakupa karibu 5.2.

Kwa gari lenye gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.9 na difu (gia za katikati ya ekseli) ya 4.1, L moja inafikisha upunguzaji wa jumla karibu 36, na L mbili karibu 83. Kwa tairi za inchi 31, injini ikizunguka mara 750 kwa dakika bila kukanyagwa mafuta, gari lililokuwa likitambaa kilometa 3 kwa saa sasa linatambaa 1.3. Hiyo ndiyo sababu ya mtu kuingia gharama hii. Dizeli isiyo na tabo, ikifika ukingo wa kreta ya Ngorongoro kwenye mita kama 2,300, imeshapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake kwa uchache wa hewa. Kupanda ngazi za mawe kutoka Engaresero, kando ya Ziwa Natron, kwenda Sonjo kwa injini kama hiyo na L moja ni kuchoma klachi.

Kumbuka namba moja zaidi. Boksi la ziada pamoja na adapta husogeza transfa ya nyuma karibu sentimeta 16, kutegemea adapta uliyotumia. Propela ya nyuma inafupishwa na mteremko wake unazidi kuwa mkali, ya mbele inarefushwa, chuma cha kukingama kinachobeba boksi kinahamishwa, na leva zinatokea mahali pengine kwenye sakafu. Nusu ya dalili zote hapa chini zinatokana na sentimeta hizo.

Nitasema "boksi la mbele" nikimaanisha lile lililo nyuma tu ya giaboksi, na "transfa ya nyuma" nikimaanisha transfa nzima inayotoa propela.

Kelele ambayo haikuwepo

Transfa ya gia tupu ina sauti yake. Gari likiwa limesimama utasikia meno yakigongana kidogo, na ukishakuwa na maboksi mawili sauti hiyo inaongezeka. Hiyo si kasoro. Kinachokuhusu ni mngurumo unaopanda na mwendo, mluzi mkali, au mkwaruzo.

Weka mawe mbele na nyuma ya tairi, vuta breki ya mkono. Sababu ya mawe usiipuuze: boksi lolote likiwa N, gia uliyoacha kwenye giaboksi haishiki gari hata kidogo. Washa injini, iache izunguke polepole, uende hatua kwa hatua.

Kanyaga klachi hadi chini. Sauti inayosikika sasa ni ya injini au ya beringi ya klachi. Toa gia, achia klachi. Sauti ikianza hapa, ni giaboksi sehemu ya mbele, na transfa zako hazihusiki. Kanyaga klachi tena, weka boksi la mbele N, ingiza gia ya tatu, achia klachi taratibu. Sasa kinachozunguka ni giaboksi yote pamoja na gia ya kuingilia na shafti ya kando ya boksi la mbele, lakini transfa ya nyuma imetulia. Kelele ikizaliwa hapa, fundi wako ashughulike na boksi la mbele au beringi ya mwisho ya giaboksi. Mwisho, kanyaga klachi, boksi la mbele lipeleke H na transfa ya nyuma iweke N, kisha ingiza gia ya tatu tena na uachie. Boksi la mbele sasa linazungusha transfa ya nyuma bila kupeleka nguvu kwenye propela. Kelele ikiongezeka hapa tu, umeipata: ni transfa ya nyuma, upande wa kuingilia, au ni kiungo cha meno kilicho ndani ya adapta.

Kipimo hicho hakina mzigo, na meno yaliyochakaa mara nyingi hulia yakibebeshwa tu. Kwa hiyo kuna cha pili, na hiki ndicho ninachokipenda zaidi kwa sababu kinafanya kazi kwenye gari la transfa mbili pekee. Kama maboksi yote mawili yana 2.28, kuna njia mbili za kupata upunguzaji uleule. Ya kwanza ni boksi la mbele L na transfa ya nyuma H4 (namba 4 ni ekseli zote mbili zikivuta, 2 ni ya nyuma peke yake). Ya pili ni boksi la mbele H na transfa ya nyuma L4. Tafuta mwinuko wa vumbi, upande kwa gia ileile na mwendo uleule, mara moja kwa kila njia. Propela, difu, na ekseli haziwezi kujua tofauti. Kwao mzigo na mwendo ni ule ule. Kelele ikitokea kwa njia ya kwanza tu, gia za L za boksi la mbele zina tatizo. Kwa njia ya pili tu, ni za transfa ya nyuma. Ikitokea zote mbili, acha maboksi, ingia chini utazame propela na difu. Aliyefunga gia za 4.7 kwenye transfa moja hawezi kulinganisha hivi moja kwa moja, maana uwiano unatofautiana, na gia hizo zenyewe zina mluzi wake hata zikiwa mpya.

Kelele inayosikika kwenye H ya barabara ya lami na kupotea kwenye L inaelekeza kwenye beringi, si meno. Kwenye H nguvu inapita moja kwa moja, shafti ya kando inazunguka bure tu, lakini inazunguka kwa kasi, na beringi iliyochoka ndipo inapojitangaza.

Mtetemo

Mtetemo ndio unaoleta ugomvi mwingi kati ya wenye magari na mafundi, na karibu kila mara chanzo ni propela. Kabla ya yote, osha gari chini. Udongo mweusi wa mbugani ukikauka kwenye bomba la propela, unaitoa kwenye mizani, na gari litatetemeka kuanzia kilometa 60 kwa saa kana kwamba tairi zimepinda. Nimeona watu wakivunja kros (kiungo cha kukunjika cha propela) iliyo nzima wakati maji ya presha yangetosha.

Baada ya kuosha, nenda kwenye lami iliyonyooka, barabara ya Kisongo au ya Namanga, habu za mbele (vifungo vinavyounganisha magurudumu ya mbele na ekseli) zikiwa zimefunguliwa na transfa iko H2. Katika hali hiyo propela ya mbele haizunguki. Mtetemo ukiwepo, ni wa nyuma. Ukiwa unatokea tu habu zikifungwa na H4 ikiingia kwenye barabara ya vumbi, ni wa mbele. Kwa uhakika zaidi, fungua propela ya nyuma kabisa, funga habu, weka H4, uendeshe taratibu kwa nguvu ya mbele peke yake. Transfa hizi zina flenji (sahani ya bolti inayoshika propela) nyuma, kwa hiyo kutoa propela hakumwagi oili.

Sasa angalia tabia ya mtetemo. Unaofuata mwendo tu, uwe umekanyaga mafuta au umeachia, unatokana na mizani: bomba limepinda, limeunganishwa si katikati wakati wa kufupishwa, au halikuwekwa vipande vya uzito baada ya kuchomelewa. Unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta unatokana na pembe.

Pembe zinapimwa hivi. Gari likiwa chini kwa tairi zake, na mzigo wake wa kawaida, weka kipimo cha pembe kwenye flenji ya transfa, kisha kwenye flenji ya difu. Simu nyingi zina programu ya kazi hii, na inatosha. Kwa propela yenye kros moja kila upande, flenji hizo mbili zinatakiwa ziwe sambamba, zisipishane zaidi ya digrii moja hivi. Zisipokuwa sambamba, kros ya juu inaharakisha na kuchelewesha mzunguko na ya chini haiwezi kulifuta kosa hilo. Fundi akishaishusha transfa ili ipate nafasi chini ya sakafu, bila kugusa difu, usambamba umeshavunjika. Dawa ni kabari za chuma kati ya springi na ekseli, zilizochongwa kwa digrii zinazohitajika na kufungwa kwa bolti ya katikati ya springi. Mabati yaliyopangwa juu kwa juu hayafai, yanasagika na kulegeza yuboliti.

Kama ulifungiwa kros mbili zilizopakana upande wa juu, kanuni inageuka: difu inatakiwa iinuliwe itazame moja kwa moja kwenye transfa. Watu huchanganya kanuni hizi mbili, wanaweka kros mbili juu na kuiacha difu ikiwa sambamba, halafu kros ya chini inakufa ndani ya miezi.

Kosa la kufupisha lina alama inayoonekana kwa macho. Tazama masikio ya kros ya ncha moja na ya ncha nyingine. Lazima yakae mstari mmoja. Bomba likikatwa na kuchomelewa likiwa limezunguka hata kidogo, au mtu akiitoa sehemu inayoteleza na kuirudisha imepishana meno, mtetemo utakuwepo hata pembe zikiwa sahihi kabisa. Sehemu inayoteleza pigia mstari wa rangi kabla ya kuifungua, kila mara.

Kwenye dabo kebini yenye propela ya nyuma ya vipande viwili, usisahau beringi ya kati. Kinachofupishwa mara nyingi ni kipande cha kwanza, na kikiwa kifupi sana, pembe yake inakuwa kali kuliko inavyoonekana. Kuishusha au kuipandisha beringi ya kati kwa vipande vya bati nene mara nyingi kunamaliza kazi.

Ipo dalili nyingine inayofanana na mtetemo, nayo ni pigo moja zito gari likiingia shimo. Hapo propela fupi inaingia hadi mwisho na kugonga transfa. Pandisha chasisi kwa jeki hadi ekseli ining'inie, pima meno yaliyo nje. Teremsha, pakia mzigo, pima tena. Pande zote mbili lazima nafasi ibaki. Ukiachia hali hiyo, sili ya nyuma ya transfa itavuja kila unapoibadilisha, na utailaumu sili bure. Propela ndefu ya mbele nayo itazame kama ina mstari unaong'aa kama uliopigwa msasa. Inagusa chuma cha kukingama springi zikifanya kazi.

Gia inatoka yenyewe

Hili si la kusubiri. Boksi la mbele likiruka kwenda N ukiwa kwenye mteremko mkali, injini haishiki tena, na umebaki na breki za miguu peke yake. Yeyote anayeshusha watu kutoka milimani aache gari nyumbani hadi litengenezwe.

Anza juu, si chini. Ondoa mipira ya vumbi ya leva, zungushia chaki kingo za tundu la sakafu, kisha endesha kwenye vumbi kwa L. Chaki ikitoka kwenye leva, sakafu ndiyo inayoitoa gia. Injini ikivuta kwa nguvu, mstari wote wa giaboksi na transfa unajinyonga upande, na leva iliyokuwa na nafasi ya kutosha gari likiwa limesimama inasukumwa. Kata sakafu zaidi. Mpira mgumu na mfupi hufanya kosa hilohilo.

Halafu mauntingi, yaani vishikio vya mpira vya injini na giaboksi. Mstari huu sasa ni mrefu na mzito, na kwenye L mbili nguvu ya kujinyonga ni zaidi ya mara mbili ya zamani. Mtu akanyage breki, aingize gia ya kwanza L mbili, aachie klachi kidogo sana huku wewe ukitazama kutoka pembeni, kamwe si mbele wala chini ya gari. Injini ikinyanyuka upande mmoja, mauntingi imeachana. Feni inayokwaruza kava lake kwenye mlima tu inasema jambo hilohilo.

Vikiwa sawa vyote viwili, ndipo uende kwenye gololi na springi zinazoshika fimbo za gia. Zinatolewa kwa nje kwa kufungua kizibo, bila kushusha boksi. Wakati wa kuunganisha maboksi mawili, springi za marefu tofauti huchanganyika kirahisi, na nyingine husahaulika mezani. Vumbi la volkano la upande wa Natron, laini kuliko unga, likichanganyika na grisi huzigandisha gololi hizo hata kama ni mpya. Gia ikiendelea kutoka baada ya hapo, tumia tena ule mlinganisho wa njia mbili za L. Ndio utakaokwambia ni boksi gani lifunguliwe, na ndani utakuta uma uliochakaa au meno ya mkono wa kuunganisha yaliyolika ncha.

Gia ngumu kuingia, au gari halisogei

Transfa hizi hazina sinki, zile pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. L inaingizwa gari likiwa limesimama au linatambaa tu, klachi ikiwa chini. Ikikataa, usiilazimishe. Toa gia ya giaboksi, achia klachi mara moja, kanyaga, jaribu tena. Meno yatakuwa yamehama mahali. Anayelazimisha boksi la mbele kwenda L gari likiwa kwenye mwendo anasaga meno ambayo mitumba yake haipatikani kila siku.

Transfa ya nyuma kukataa L ukiwa H2 ni sahihi. Pini ya ndani inaizuia isiingie L bila H4. Boksi la mbele halina kizuizi hicho, kwa hiyo unaweza kupata L huku nguvu ikienda nyuma peke yake. Ni msaada mkubwa kwa kurudisha trela au kusogea gereji. Kupandia mawe kwa namna hiyo ni kuvunja ekseli ya nyuma.

Gari lisilosogea kabisa, injini na klachi zikiwa nzima, kwanza hakikisha leva zote zimeingia hadi mwisho. Ukiwa na leva tatu, ni rahisi kuacha moja N. Kama zimeingia, ingiza gia na mtu atazame propela. Zisipozunguka, kiungo cha adapta hakishiki. Hapo kuna suala la meno: gia ya kuingilia ya injini za kawaida za silinda nne ina meno 21, na ya injini za V6 na za tabo ina 23. Spea za mitumba huchanganywa kwenye rundo moja. Hesabu meno kabla ya kulipa, na hesabu mwenyewe.

Boksi gumu kuzunguka baada ya kufungwa

Dalili hii ionekane gereji, kabla gari halijatoka, na fundi makini huitafuta. Unapofunga adapta, zungusha shafti kwa mkono huku ukikaza bolti kidogo kidogo kwa kupishana. Inatakiwa izunguke kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho. Ikianza nyepesi na kuwa nzito bolti zinapokaza, mambo ni mawili. Labda shafti ni ndefu na inasukuma beringi, basi pima kina kwa venia, tafuta tofauti iko wapi. Kusaga ncha ya shafti kwa grenda kunaharibu ugumu wa chuma chake. Au adapta haiko katikati, na hilo linatokea zaidi kwa adapta iliyochongwa bila pini za kuongozea. Ikiachwa hivyo, sili itakufa, ikifuatiwa na beringi, na mwenye gari atabadilisha vyote viwili mara nyingi bila kupona. Adapta irudi kwa mchongaji ipimwe kwa saa ya kupimia, na iongezewe pini.

Oili inapungua, inaongezeka, inabadilika rangi

Fungua vizibo vya kujazia vya giaboksi, boksi la mbele, na transfa ya nyuma siku moja, gari likiwa usawa, na usome yote matatu kwa pamoja. Giaboksi imepungua na boksi la mbele limejaa kupita kiasi: sili iliyo kati yao imekwisha. Boksi la mbele limepungua na ya nyuma imezidi: sili ya adapta. Vyote viko chini na sakafu ya gereji ina mabaka: inavuja nje. Mtu anayekagua kizibo kimoja tu ataongeza oili mahali pasipohitaji huku giaboksi ikizunguka kavu.

Kabla ya kubadilisha sili, tikisa shafti juu na chini. Ikicheza, beringi ndiyo inayoua sili.

Oili za maboksi kuchanganyika kuna madhara makubwa kuliko kupungua. Giaboksi zina sinki za shaba na zinataka oili ya GL-4 (GL-4 na GL-5 ni madaraja ya oili ya gia). Transfa zinakubali GL-4 au GL-5 za 75W-90. Kama sili ya kati haiaminiki, jaza GL-4 kote.

Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Boksi lililopata moto likizama ghafla kwenye maji baridi ya mto, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia au midomo ya sili. Kila boksi liwe na tundu lake la kupumulia, na mpira wake upandishwe hadi karibu na boneti. Tundu likiziba kwa matope, mambo yanageuka: joto linasukuma oili nje, na sili mpya inavuja siku ya kwanza.

Kama transfa ya nyuma ilizungushwa kwenye adapta ili ipande juu na kuacha nafasi chini, kizibo cha kujazia hakisemi tena ukweli. Kimehama urefu. Jaza kwa kipimo cha lita kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, si kwa kuangalia oili ikimwagika mdomoni, la sivyo beringi ya juu itakosa oili.

Vinavyovunjika kwingine

Injini yenye torki ya Nm 190, kwenye gia ya kwanza na L moja, inatoa karibu Nm 1,690 nyuma ya transfa. Kwenye L mbili inatoa karibu 3,850. Kabla ya kufika hapo tairi huteleza, na kwenye udongo hilo linakuokoa. Kwenye mawe makavu hazitelezi, na nguvu inatafuta kitu dhaifu. Mlio wa "tak tak tak" ukikata kona ni sivi jointi (viungo vya kukunjika karibu na magurudumu) za ekseli ya mbele. Usikanyage mafuta usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Pia ukitaka gari lisimame ukiwa L mbili, kanyaga klachi pamoja na breki. Kwa upunguzaji huo dizeli haizimiki kirahisi, inaendelea kusukuma dhidi ya breki.

Chuma cha kukingama kikague kila baada ya safari ngumu, hasa sehemu zilizochomelewa. Uzito wa transfa ya nyuma lazima uwe umebebwa karibu na transfa yenyewe. Kama kibebeo kimeachwa palepale pa zamani chini ya giaboksi, kila kitu kilicho nyuma kinaning'inia kwenye adapta na mkia wa giaboksi. Ufa wa kwanza hutokea kwenye sikio la bolti ya juu, na hujionyesha kama unyevu wa oili usio na chanzo.

Madogo

Spidomita iliyokufa baada ya kazi hii karibu kila mara ni kebo iliyovutwa. Gia yake iko kwenye shafti ya kutokea, nyuma ya upunguzaji wote, kwa hiyo ikifanya kazi inasoma sawasawa kwenye H na L. Taa ya H4 isiyowaka ni waya wa swichi uliokosa urefu. Ngoma za nyuma zikiwa za moto bila sababu, tazama kebo ya breki ya mkono ilipopita karibu na chuma kilichohamishwa. Ikibanwa, inashika breki gari likiwa linatembea. Bomba la moshi likigonga chuma hicho utalisikia ukizima injini, na linahitaji kukunjwa upya, si kufungwa kwa waya.

Bolti za adapta na za chuma cha kukingama zikazwe upya baada ya kilometa mia chache za kwanza, maboksi yakiwa ya baridi, kwa spana ya torki na kwa namba za kitabu.